Daftari la Vipimo

Barabara ya kumi na tano, Ngamiani,
kibarazani kwa muuza mchele, ndipo nilipo.
Futi yangu ya njano imefutika namba
kati ya thelathini na nne na arobaini;
hapo nakisia kwa kidole.

Nikimwambia mtu "simama," hasimami yeye.
Husimama yule anayetamani kuwa.
Tumbo linaingia, kidevu kinapanda,
pumzi inafichwa kama deni.
Mimi sina haraka.
Namuuliza bei ya sukari,
namuuliza kama maji yamerudi Makorora,
na akianza kulalamika mwili unajisahau,
unashuka, unakaa kwake.
Hapo nasoma inchi.

Kijana mmoja, Kiondo, aliletwa na babake.
Baba ataka suruali ya heshima,
mtoto ataka suruali ya miguu yake.
Waliivuta kwa maneno asubuhi nzima
kabla sijakata hata uzi.

Shekivuli wa Pongwe, bega la kulia
limeshuka inchi moja na robo:
miaka ishirini na miwili ya kubeba robota za katani.
Mashati matatu nilimwekea sponji ndani, kimyakimya,
nikijiona fundi mwenye huruma.
La nne akalirudisha, kalikunja vizuri kwenye gazeti.
"Toa godoro hili.
Kampuni haikunipa hata cheti.
Bega hili ndilo cheti."

Nilitoa. Nilikasirika kidogo, sitaficha.

Halafu Mwanamkuu,
tuliyecheza naye rede magoti yakiwa meupe kwa vumbi,
karudi kutoka hospitali Dar es Salaam
na kitenge, yadi tatu, rangi ya papai bivu.
Akafunga mlango wa stoo ya mchele,
akavua kanga ya juu.
Upande wa kushoto palikuwa na mshono.
Mishono naijua.
Huu ulikuwa wa mtu mwenye haraka, lakini umekaza.

Mkono wangu ukaenda kwenye kopo la sponji,
ukakumbuka bega, ukarudi.

"Pima nilivyo," akasema, "sio nilivyokuwa.
Watu wa mtaani wanazungumza na hili pengo
kana kwamba mimi nimetoka kidogo, nitarudi."

Nikapima toka uti wa mgongo hadi katikati ya kifua:
kulia kumi na tisa,
kushoto kumi na sita na nusu.
Nikachora mstari katikati ya ukurasa,
mara ya kwanza mtu mmoja kupewa safu mbili.
Hakuvuta pumzi. Sikuhitaji sukari wala maji.
Alisimama tu, magunia yakinuka pumba,
na kovu likipanda na kushuka
kama kifua cha yeyote anayepumua.

Jumamosi akaja kuchukua.
Gauni lilimkaa: kushoto bapa, kulia kilima,
hakuna lililoombewa radhi.
Akajigeuza mbele ya kioo changu chenye ufa,
akacheka kwa pua, akalipa,
kisha akaivua futi shingoni mwangu.
"Haya, fundi. Simama."

Miaka thelathini na moja, madaftari kumi na manne,
na hakuna ukurasa wenye jina langu.
Nguo zangu huzikata kwa kukisia,
pana, nikajificha humo.
Nikasimama. Tumbo ndani. Kidevu juu.
Nikaifungia pumzi
kama kila mjinga aliyewahi kusimama pale.

"Hivi," akaanza, akiizungusha futi polepole kiunoni,
"sukari siku hizi mnanunua kwa nani?"

Aliandika mwenyewe, kwa mwandiko wake wa kuku.
Arobaini na kitu.
Tarakimu ya pili yaweza kuwa sita,
yaweza kuwa sifuri.
Sijamuuliza.