Kokwa Isiyo na Meno

Umefia Sinaw, saa saba na nusu mchana,
soko la Alhamisi limeshakunjwa,
mbuzi wamepakiwa kwenye pikapu,
na kivuli kimejibana chini ya magari
kama mdaiwa.

Nabonyeza. Kimya.
Nabonyeza tena kwa adabu,
kisha kwa hasira, kisha kwa bismillahi.
Pikipiki, kilo mia mbili na thelathini za chuma,
imenigeuzia uso
kama mkwe aliyesusia karamu.

Zamani ufunguo ulikuwa chuma.
Ukipinda, uliunyoosha kwa jiwe.
Ukipotea, fundi wa Ibra alikuchongea mwingine
kabla hujamaliza tende ya tatu.
Huu wa leo hauna meno.
Ni kokwa nyeusi ya plastiki
inayonong'ona na injini maneno nisiyoyasikia,
nami mwenye mali
ni mbeba kokwa tu.

Wa akiba? Usiniulize.
Wa akiba uliingia mashine ya kufulia mwezi wa Ramadhani
ndani ya mfuko wa kanzu,
ukatoka safi, unanukia sabuni, bubu.
Muscat wakaniambia: wiki sita, riali mia na kumi,
na uje na kadi yenye namba.
Kadi yenye namba!
Niliiweka mahali pazuri mno, nisiisahau.

Nampigia mama mdogo, Bi Rayya, yuko Mudhaibi.
Alizaliwa Wete, na hajasamehe jangwa hata leo.
"Nimekwama," namwambia.
"Nilikwambia," anajibu, "punda hapotezi ufunguo,"
na anacheka mpaka simu inakwaruza.

Ndiye peke yake ninayesema naye Kiswahili.
Ofisini kimelala mfukoni mwangu;
nakibonyeza peke yangu kwenye lifti, hakiwaki.
Nikifika mlangoni kwake, harufu ya mchuzi wa nazi ikinipiga,
najikuta nabishana, natania, naapa,
sijui maneno yalikuwa wapi.

Anakuja Shafikul, wa duka la kuziba pancha,
mikono myeusi, kofia ya taulo lililoloa.
Anakipasua kile kikokwa kwa ncha ya kisu,
anatoa betri, duara dogo kama sarafu,
anaifuta kwenye shati, anaitazama juani,
anatikisa kichwa kama daktari aliyechelewa kuitwa.
Dukani hana.
Kwa jirani wamefunga mpaka saa kumi.

Anafunga kokwa, tupu hivyo hivyo,
anapiga magoti, anapapasa ubavuni mwa pikipiki,
chini ya kiti, kulia, hapana, kushoto,
mpaka anapata mahali penye alama ya duara
niliyoiosha miaka minne bila kuuliza ni ya nini.
"Garib," ananiambia kwa Kiarabu chake cha gereji,
na anaubandika ufunguo maiti pale,
ngozi kwa ngozi.
"Garib, garib."

Mimi nasikia: karibu.
Karibu ya kusogea, karibu ya kuingia,
neno moja, na sikuwahi kulipima uzito.

Taa ya kijani.
Injini inakohoa, inashika.

Kumbe ndani mlikuwa na chembe
isiyohitaji betri wala nini,
isiyoweza tu kuita kutoka mbali.

Namlipa riali mbili, anarudisha moja,
ananionya kwa kidole: usizime.
Usizime njiani, hata kwa swala, hata kwa maji.
Basi naiendesha Mudhaibi kwa pumzi moja,
koo limekauka, kokwa imefungwa ubavuni kwa utepe mweusi
kama mtoto aliyevunjika mkono.

Bi Rayya yuko kizingitini, kiganja sikioni.
"Zima dude hilo!"
"Siwezi, mama mdogo."
"Huwezi vipi?"
"Likizima, sijui kama nitapapata tena pale mahali."

Ananitazama, anaitazama pikipiki,
mapazia yanatetemeka, paka kakimbilia juu ya tangi la maji.
"Haya," anasema,
"karibu wewe na mngurumo wako.
Lakini viatu vua."