Bahasha ya Jumatatu

Kwanza ulikuwa mlima.
Januari Taal ilikohoa, majivu yakatua Lemery
juu ya mapaa, juu ya kuku, ndani ya sufuria zilizofunikwa.
Shule ikafungwa. Tukafagia.
Tulipoyachokonoa ya mwisho kwenye nyufa za madawati
kengele ikalia tena, nikajisemea: yamepita.
Machi ukaja ugonjwa.
Huo haufagiliki.

Basi kila Jumatatu napanga foleni getini,
wazazi watupu, hatua mbili mbili,
barakoa, na juu yake ngao ya plastiki,
kama mafundi wa kuchomelea waliokosa chuma.
Bi. Dimaculangan husukuma bahasha mezani kwa ncha ya rula:
hesabu, sayansi, Kifilipino,
wiki nzima imebanwa kwa pini moja.
Naiweka kwenye kibanda cha ubavuni mwa pikipiki,
pale walipokuwa wakikaa watu.
Ndiyo abiria wangu pekee tangu marufuku ianze,
na hailipi.

Mimi niliachia darasa la sita, mwaka baba alipouza nyati.
Krisel yuko la tano.
Maana yake nina mwaka mmoja wa akiba,
nao umeota kutu.
"Baba, moja ya tatu jumlisha moja ya nne?"
Nikasema mbili ya saba.
Nilisema kwa sauti ya mtu mzima,
akaandika kwa wino.

Saa nne usiku mama yake hupiga simu kutoka Hong Kong,
kajifungia chumba cha kufulia asiwaamshe wenye nyumba.
Kutwa huketi sakafuni, kando ya kiti cha mtoto wa watu,
nje ya jicho la kamera;
kazi yake kumshika kifundo cha mguu
asilitoroke darasa la kwenye kompyuta.
Mtoto hasikilizi. Liezel anasikiliza.
Ananakili nyuma ya risiti za sokoni.

"Gelio, hujumlishi hivyo," ananiambia.
"Asili zikitofautiana hazijumlishiki.
Tafuta kwanza asili moja."
Anasogeza risiti kwenye kioo:
upande huu samaki, tangawizi, sabuni ya maji,
upande huu saba ya kumi na mbili.
Nyuma yake mashine inazungusha shuka za wenyewe.
Krisel hamtazami mama usoni, hana muda,
anaitazama risiti, midomo ikihesabu.
Nami nawatazama wote wawili
mpaka bando linakata.

Kuna usiku alilala juu ya daftari,
shavu lake likachapwa jedwali la saba.
Sikumwamsha.
Nikashika penseli kwa mkono uliozoea klachi,
nikajaza ukurasa wa tisa, nikajaza wa kumi,
nikijitahidi kuandika vibaya, kitoto,
hadi nikagundua sina haja ya kujitahidi.

Jumatatu ya pili yake bahasha ilirudi na wino mwekundu.
Niliisoma palepale, foleni ikinisukuma kwa macho:
*Baba Krisel, umepata nane kati ya kumi. Hongera.
La tatu na la saba rudia.
Na Krisel naye alete makosa yake mwenyewe.*

Niliinua uso. Ngao ya mwalimu iling'aa jua,
sikuona kama anacheka.
Nilisema asante, nikaikunja karatasi mara nne,
nikaitia mfuko wa shati, si kwenye bahasha.

Usiku ule tuliketi meza moja, taa moja,
penseli moja tuliyoikata kwa kisu, kila mtu na kipande.
Nje gari la polisi lilipita likitangaza saa ya kuwa ndani.
Tulikuwa ndani.
La tatu lilinitoa jasho. La saba, sijui,
nilifuta mpaka karatasi ikatoboka.
Krisel alimaliza kabla yangu.
Akanitupia jicho, akaona shingo yangu inavyorefuka,
taratibu akafunika jibu lake
kwa kiganja.