Nzima, Ila Haitambuliki

Jumanne, kabla sangara wa kwanza hajapanda mizani,
kompyuta ya mwalo wa Igombe ilifunguka kama ilivyozoea:
kikohozi kwanza, kisha mwanga wa buluu,
kisha kijisanduku cheupe katikati ya kioo.
"Kuanzia mwezi ujao programu hii
haitafanya kazi kwenye mfumo wako.
Tunakushukuru kwa kuwa nasi."

Chini yake, Sawa.
Nikatafuta Hapana. Haikuwekwa.

Mashine hii tuliinunua kwa mchango,
mitumbwi arobaini na mmoja, kila mmoja kilo moja kwa wiki,
enzi Lugoye ni mwenyekiti na bado ana meno.
Wadudu wa ziwani, wale wanaonyanyuka majini
kama moshi wa nyumba inayoungua,
huja kufia kwenye feni yake.
Nimewatoa kwa unyoya wa kuku
miaka kumi na mitatu.
Inajua kilo za watu waliokwisha kuzama.
Inajua Mafuru alikopa mafuta lita sitini
na mjane wake amebakiza nne.

Masunga fundi akaja toka mjini, flashi shingoni kama hirizi.
Akagonga ubavu, akasikiliza.
"Mashine nzima, mama," akasema,
"ila haitambuliki tena huko."
Huko wapi?
Akanyoosha kidole juu,
kwenye bati letu lenye matundu mawili.

Nikamkumbuka mama yangu, Nyafuru,
siku niliyompeleka kusajili laini ya simu.
Miaka thelathini ya kisu, magamba na chumvi
ilikuwa imevisugua vidole vyake
vikawa kama kokoto za ufukweni.
Kijana wa chini ya mwavuli akambonyeza gumba,
akalifuta kwa kanga, akalibonyeza tena,
akaja shahada, akaja cha kati,
vyote kumi, na vyote kumi taa nyekundu.
"Bibi hasomeki."
Mama akaigeuza mikono yake, akaitazama,
akauliza bila hasira, kama anayeuliza bei:
"Kwani wale samaki walijipara wenyewe?"

Laini tukaisajili kwa jina langu.
Mpaka anakufa
alipokea simu zake kama mgeni wangu.

Sijui walioamua walikaa wapi, walikunywa nini.
Sidhani ni watu wabaya. Kubeba wote kunachosha,
nami nimewahi kumshusha mtu njiani.
Lakini muda uliokwisha kwao
kwetu hata herufi za kibodi hazijaufuta:
imetoweka A tu,
na ile N inayofungua majina ya mama zetu.

"Mpya ni laki nane," Masunga akasema.
Akaona uso wangu. Akashusha sauti,
kama tunasema mbele ya mgonjwa:
"Au uichomoe mtandaoni,
isijue kwamba imeachwa."

Nikaingia chini ya meza, kwenye vumbi na mayai ya mjusi,
nikachomoa waya.
Programu ikafunguka, haina habari,
kama mke ambaye talaka yake imepotelea posta.
Sangara mmoja, kilo saba na nusu.
Ikapokea.
Nikaziandika pia kwenye daftari la mistari, kwa kalamu,
maana mimi habari ninayo.

Kuna jambo moja Masunga hakuniambia.
Betri ya saa yake, ile ndogo ya ndani, ilikufa zamani;
tarehe ilikuwa ikiazima mtandaoni kila asubuhi.
Sasa ikiwaka
inadhani ni siku ileile iliyotengenezwa,
hakuna aliyezama, hakuna anayedaiwa,
inasita, kisha inaniuliza mimi leo ni lini.

Ninaiambia.