Kilo Moja na Kiganja

Muuguzi Yolima hakunikabidhi mtoto kwanza.
"Fungua vifungo," alisema. "Vyote.
Kifua cha baba nacho ni nyumba."
Nikatazama mikono yangu:
saruji kwenye kucha, nyufa vidoleni,
mikono inayojua uzito wa tofali
na isiyojua uzito wa pumzi.

Gramu elfu moja mia tatu na arobaini.
Kilo ya chumvi, nikawaza, na kiganja juu yake.
Ngozi kama utando wa ndani wa kitunguu,
masikio hayajajifunza kusimama.
Alibisha hodi wiki tisa kabla ya siku yake,
na Yurani, damu imempanda
hadi macho yanaona vimulimuli mchana,
hakuwa na la kumjibu ila kufungua mlango.

Wakamweka wima
katikati ya maziwa yangu yasiyo na maziwa,
magoti kakunja kama chura,
shavu moja juu ya moyo.
Kofia, soksi, nepi, basi.
Wakatufunga kitambaa kimoja, watu wawili.
"Hivi hivi, usiku na mchana.
Usilale chali; egemea mito, kama mfalme mwenye pumu.
Kila saa mbili umpeleke kwa mama, hata kama amelala.
Na akisahau kupumua" —
sauti yake haikubadilika,
kana kwamba anasema akisahau kofia —
"msugue unyayo. Mkumbushe."

Ngazi za mtaani kwetu Usme ni mia na kumi na mbili.
Mvua ya Bogotá ilikuwa imeniwahi.
Don Anselmo akapiga kelele kutoka dukani:
"Edilson! Kitambi hicho umekipata wapi?"
Kitambi kikapiga chafya.
Akavua kofia yake, mzee wa watu,
akasimama mvuani hadi tukapita.

Mama mkwe, Hermencia, alikuwa tayari
na maji ya sukari guru, ya vuguvugu,
na sarafu ya kubandika kitovuni.
"Kijiko kimoja tu, apate nguvu."
Yurani hakuinua macho; alikuwa anakamua
dang'a, tone, tone,
ndani ya kikombe kidogo kuliko cha kahawa.
"Mama, tumbo lake ni punje ya zabibu.
Halina nafasi ya mgeni."
Siku mbili Hermencia hakusema na mtu.
Ya tatu akachemsha vikombe bila kuombwa,
akashika mlango, mwiko mkononi:
mwenye mafua, mwiko;
asiyenawa, mwiko;
padri mwenyewe alikohoa, akabarikia barabarani.

Usiku wa kumi na moja
mvua ilikatika ghafla juu ya mabati
na nikasikia kitu kingine kimekatika.
Nikangoja pumzi moja.
Haikuja.
Kidole gumba changu kikatafuta unyayo wake,
unyayo usiofika urefu wa kidole chenyewe,
kikausugua kwa ukwaruzo wake wote wa saruji.
Akashtuka. Akavuta hewa kwa hasira,
kama mtu aliyeamshwa kwa deni.
Yurani nilimwambia asubuhi.
Sijui kama nimemwambia yote.

Kliniki, mizani kila siku.
Gramu ishirini. Kumi na tano. Thelathini!
Siku moja, sifuri,
na foleni nzima ya vifua vilivyofungwa
ikatazama sakafu pamoja nasi.

Wiki ya saba akaanza kutoa jasho.
Akanisukuma kwa miguu yote miwili,
akalia, akaipinga shingo yangu.
Nikakimbilia kliniki nikidhani ni homa.
Yolima akacheka hadi akafuta miwani.
"Siku hii haipangwi na daktari.
Yeye ndiye husema: nimetosha, nishushe."

Sasa nimerudi kwenye matofali.
Bado naegemea ninapokaa,
bado mkono wa kushoto unashika hewa
chini kidogo ya kidevu.
Mwenzangu kaniuliza juzi kama naumwa kifua.
Nikamwambia ni baridi tu.
Nikafunga kifungo cha juu.