Watu Wangapi

Binti yangu Kaija alikuja toka Minneapolis na futi kamba,
akapima kibaraza kama mtu anayempimia maiti sanda.
"Baba," akasema, "jiko lako limeoza."
Ni kweli. Tako lake limetoboka,
majivu yananidondokea viatuni,
na mguu mmoja nimeufunga kwa waya wa uzio
tangu mwaka ule ziwa liliposhinda limeganda hadi Aprili.

Basi tukaenda duka la vyuma, hapa hapa Duluth,
yeye na orodha yake,
mimi na mapafu yangu ambayo daktari ameyakataza moshi.

Majiko ya gesi yalipangwa mstari wa mbele,
yaking'aa kama maharusi wasiowahi kusugua sufuria.
Lenye swichi nne. Lenye taa. Lenye kipimajoto.
Lenye mahali pa kutundikia taulo!
Ya mkaa yalikuwa nyuma, jirani na koleo za theluji,
meusi, ya duara, yamenuna.

Kaija ana hoja, na hoja zake zina miguu:
gesi huwaka kwa kidole kimoja,
haichafui mikono, haihitaji kubembelezwa,
na ukiwa na haraka...
"Haraka ya kwenda wapi?" nikamuuliza.
Akajifanya anasoma bei.

Mimi nami nikatoa zangu.
Nikasema mafuta ya nyama yakidondokea kaa
hurudi juu yakiwa harufu, na hapo ndipo nyama inapopata jina.
Nikasema gesi inaivisha tu, haichomi.
Nikasema mkaa una heshima zake:
unaupepea kwa kipande cha boksi,
unaukalia saa nzima ukiungoja uvae majivu meupe,
na hauanzi mpaka utake wenyewe.
Nilisema kwa sauti. Mtu mmoja kwenye rafu za misumari
akaitikia kwa kichwa.

Ndipo yule kijana wa duka,
Trygve, kwa mujibu wa kibandiko kifuani,
akauliza bila ubaya,
kama muuza viatu anavyouliza saizi:
"Huwa unachomea watu wangapi?"

Sita, nikasema.

Kaija akageuka kutazama koleo.

Sita ilikuwa kweli, wakati wake.
Aune na bakuli lake la viazi vya siki,
vijana wawili wa Lempi wakigombea kupepea,
shemeji aliyetaka nyama yake ingali inalia,
na Kaija huyu huyu, magoti yote mawili yana plasta.
Mkaa ulichukua saa nzima,
lakini saa ile ilikuwa na watu ndani yake.
Siku hizi ni soseji moja,
na nusu kitunguu nikijisikia tajiri.
Nani awashe gunia kwa soseji moja?
Ni kukodi bendi ili umwamshe paka.

Nikanunua la gesi. La swichi mbili.
Kaija akanishika bega njia nzima kama niliyeshinda kitu.

Jumamosi nikaliwasha. Tik.
Moto wa buluu, mpole, hauna neno na mtu.
Dakika nane soseji ikaiva,
dakika tatu ikaisha,
na jioni yote ikabaki imesimama pale uani
ikinitazama
kama mgeni ambaye hajaonyeshwa kiti.

Asubuhi Bernice wa ng'ambo ya uzio
alinikuta nikiokota gazeti, ndala mguuni.
"Reino, jana ulisafiri?
Sikuona moshi.
Nilikuwa nimebeba pai ya matufaha, ya moto,
nikasimama mlangoni pangu nikitazama huko kwako,
mwishowe nikarudi ndani."

Nikamwambia nilikuwepo.
Akasema, "Ah."

Jiko la zamani bado liko nyuma ya gereji,
Kaija hakupata nafasi ya kulipeleka jalalani.
Mchana nilikwenda nikalitikisa kidogo.
Ule waya bado umeshika.