Saba na Moja

Nimebonyeza taa ya kushoto,
ikawaka ya kulia.
Nimebonyeza redio,
pampu ya mafuta ikanguruma.

Nyanzobe, tochi kaing'ata kwa meno,
futi ya cherehani shingoni,
akacheka hadi tochi ikaanguka.
"Fumua," akasema. "Mshono ukienda upogo
hauvutwi."

Miaka mitatu ndege hii inakula sebule yetu ya Pasiansi.
Bawa la kulia limetokeza dirishani,
mkia uko chini ya kitanda
cha wageni wasiokuja tena.

Nimefumua.
Nikakata vibana, nikafuata waya mmoja mmoja kwa kidole
hadi nikalikuta: mwandiko wangu mwenyewe,
moja yenye kofia, ikajifanya saba,
usiku ule Kwilasa ana homa
nami naunga waya huku nahesabu kikohozi chake.

Sikuulaani mkono.
Nilichukua kalamu,
nikaikata saba kiunoni.

Saa nane usiku: kushoto nyekundu, kulia kijani.
Wadudu wa ziwani wakaingia wingu zima,
wakazijaa taa zote mbili,
wao hawana upande.

Nyanzobe akazima. Akawasha. Akazima.
"Haya," akasema, "sasa redio."