Mpangaji wa Lita Arobaini

Kazi yangu udalali wa vyumba, Sinza,
kutoka Mori hadi Kumekucha.
Nikimwona mtu anavyovua viatu mlangoni
najua atagombana na nani, na mwezi wa ngapi.
Mpiga gitaa la kanisa simpangi ukuta mmoja
na nesi wa zamu ya usiku.
Wanaochangia mita moja ya umeme
nawauliza kwanza: nani ana friji?

Lakini samaki huyu kanitoa jasho.

Adelina, binti yangu, alimnunua Kariakoo kwa pesa ya sikukuu,
beta dume ndani ya kikombe cha plastiki,
mapezi mekundu yakiburuta kama kitenge kisichopindwa.
Akamwita Kamishna.
Mama yake akasema Tabata hakuna nafasi.
Basi Kamishna akahamia kwangu,
bila mkataba, bila kodi ya miezi sita mbele.

Nikamtafutia tangi la lita arobaini.
Maji ya bomba niliyalaza ndooni siku mbili,
dawa iishe ukali.
Joto sikununua. Joto la huku ni la bure.

"Baba, ana upweke,"
Adelina, Jumamosi, pua imebanwa kwenye kioo.
Nikamwambia hilo dogo. Mimi si dalali?

Nikaleta gapi dume, mtanashati,
mkia wa rangi zote.
Gervas, muuzaji wa Mwenge, akaniuliza: "Una hakika?"
Swali hilohilo nawauliza wateja,
nao hawanisikii.

Kamishna akatanua mashavu kama mwavuli.
Kaona dume mwenzake, tena kavaa kumshinda.
Kufika isha, mkia wa gapi ulikuwa nyuzi.
Nikamrudisha kwa nusu bei;
somo nililipa kamili.

Gervas alisema huku akifunga mfuko kwa mpira,
hata hakuniangalia:
usimletee mwenye mapambo,
wala wale wenye milia wanaodonoa mapezi ya watu,
wala uduvi, labda kama ni kitoweo.
Mletee wa chini.
Mwenye shughuli zake.

Nilicheka peke yangu njia nzima.
Mwenye shughuli zake!
Miaka kumi na minne nawaambia watu neno hilo
kwa maneno mengi zaidi, na kodi ya mwezi mmoja juu.

Kambare wadogo, basi, wenye masharubu.
Nilitaka wawili.
"Sita," akasema, "wakiwa wachache hujificha mpaka wafe."
Na konokono mmoja wa manjano, nyongeza,
kama mwenye duka anavyokutupia pipi badala ya chenji.

Kabla ya kuwaingiza nilihamisha mawe yote,
nikapandikiza majani upande wa pili,
ili na Kamishna aamke mgeni.
Hii sikuwahi kuifikiria kwenye nyumba za watu.

Alimgonga konokono mara moja.
Konokono akafunga mlango.
Akasubiri. Akachoka. Akaondoka.
Kambare walichakura mchanga huko chini, hawana habari,
naye juu, akipanda kila mara
kuvuta hewa yetu hii hii.

Saa tatu umeme ukakatika.
Nikamulika kwa tochi ya simu:
Kamishna akakutana na sura yake kwenye kioo,
akatanua mashavu.
Nikazima haraka, kama niliyefungua mlango wa chumba cha watu.

Hapo simu ikaita, kiganjani.
"Wamegombana?"
"Bado."
"Wamependana?"
Nilitafuta neno gizani, mimi niishiye kwa maneno.
"Wanapishana," nikasema. "Wanapishana vizuri."
Akanyamaza kidogo.
"Kama wewe na mama mlangoni, Jumamosi."

Umeme uliporudi
konokono alikuwa amefika katikati ya kioo.